Lehemu au Kolesteroli? Uhakiki wa Istilahi za Moyo na Damu kwa Vijana Wanaotumia Dawa za Kufubaza VVU

Utangulizi

Istilahi mbaya katika kitabu cha hesabu humkosesha mwanafunzi alama. Istilahi mbaya katika chumba cha mganga yaweza kumkosesha mgonjwa uhai. Makala haya yanakusudia kuyapima maneno machache yanayotumika siku hizi pindi kijana mwenye VVU anapoelezwa habari za moyo wake na za mafuta yaliyomo katika damu yake. Maneno hayo ni lehemu, mafuta, mshipa, mshtuko wa moyo, shinikizo la damu, uvimbe, na hata neno kijana lenyewe. Hatukusudii kuwalaumu wafasiri wa vipeperushi vya afya. Wengi wao hufanya kazi kwa haraka, kwa ujira mdogo, na bila ya orodha sanifu ya kuitegemea. Na mwandishi wa makala haya ni mmoja wao, kama itakavyoonekana.

Mifano yetu imechukuliwa hasa kutoka Masasi na Newala katika Mkoa wa Mtwara, tangu mji wa Masasi ulio chini ya vilima vya mawe hadi sehemu za juu ya uwanda wa Makonde kama vile Makote. Huko Kiswahili hukaa nyumba moja na Kimakonde, Kimakua na Kiyao. Mtoto hujibu kwa Kiswahili, bibi yake huuliza kwa Kimakonde, na muuguzi hutafuta neno litakalowafaa wote wawili. Hali hii si ngeni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, ambaye miaka sita kabla yake alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu chake cha sarufi na msamiati wa Kiswahili, aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani wakafanya makao Masasi. Mwaka 1935 daktari Leader Stirling alianza kazi ya uganga Lulindi, naye baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Kwa hiyo lugha ya hospitali katika sehemu hizo imekuwa Kiswahili kwa vizazi kadha, na wananchi wake wana haki ya kudai Kiswahili kinachosema kweli.

Mambo yanayohitaji majina

Kabla ya kulipima jina, yafaa kukielewa kitu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Dawa za kufubaza VVU zilianza kutolewa bure katika huduma za serikali mwaka 2004. Mtoto aliyezaliwa na virusi mwaka huo, akaanzishiwa dawa mapema, sasa ni mtu mzima wa miaka ishirini na zaidi. Hatuzungumzi tena juu ya mgonjwa aliyekata tamaa, bali juu ya mtu anayetazamia kuoa au kuolewa, kulima, kufundisha na kuzeeka. Ndiyo maana maradhi ya uzeeni, yakiwemo ya moyo, yameingia katika mazungumzo ya kliniki.

Hatari ya moyo kwa mtu mwenye VVU ina vyanzo viwili vinavyochanganyikana. Cha kwanza ni virusi vyenyewe, ambavyo huufanya mwili kuwa katika hali ya kupigana daima, na mapigano hayo huziumiza kuta za ndani za ateri. Cha pili ni baadhi ya dawa. Stavudini, iliyotumiwa sana zamani na sasa imekwisha kuachwa, ilihamisha mafuta ya mwili: mashavu yalikonda huku tumbo au shingo ikinenepa. Lopinaviri pamoja na ritonaviri, ambazo watoto wengi wamepewa, zaweza kupandisha mafuta katika damu. Mchanganyiko wa sasa wenye dolutegraviri, ulioanza kuenea nchini mwaka 2019, ni mpole zaidi kwa upande wa kolesteroli, ingawa baadhi ya wanaoutumia huongezeka uzito. Uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi za dunia, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba mtu mwenye VVU ana hatari ya kupata maradhi ya ateri za moyo na ubongo mara mbili hivi kuliko asiye na virusi.

Jambo moja lapaswa kusemwa kwa sauti kuu kabla hatujaendelea. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2006, uliowahusisha watu zaidi ya 5,000 katika nchi 33, ulidhihirisha kwamba watu walioachishwa dawa kwa vipindi walikufa zaidi, na maradhi makubwa ya moyo, figo na ini yaliwapata zaidi kuliko wale waliotumia dawa bila kukatiza. Yaani kijana anayeacha dawa kwa kuuhofia moyo wake huuongezea moyo huo hatari. Kwa hiyo neno lolote linalomfanya aichukie dawa yake ni neno la kuogopwa.

Lehemu

Neno linalotumika sana katika magazeti na vipeperushi vyetu kwa kolesteroli ni lehemu. Neno hili si geni katika Kiswahili. Maana yake ya asili ni madini laini, mchanganyiko wa risasi na bati, ambayo fundi huyayeyusha kwa moto ili kuunganisha vyuma au kuziba tundu. Na kitenzi kulehemu chatumika vivyo hivyo. Kila aliyepata kumpelekea fundi koroboi inayovuja au birika lililotoboka anaijua lehemu. Aliyelitwaa neno hili kwa ajili ya kolesteroli bila shaka alivutwa na sura ya kitu kinachonata ndani ya bomba.

Tukilipima kwa vipimo vilivyozoeleka vya uundaji wa istilahi, lehemu ina sifa zake. Ni fupi, inatamkika, imekwisha kuingia katika ngeli bila taabu, na wananchi wengi wamekwisha kulisikia. Lakini kipimo cha kwanza cha istilahi ni usahihi, na hapo ndipo linapoanguka, tena kwa njia tatu.

Kwanza, lehemu ni kitu kigeni kinachobandikwa kutoka nje, ilhali kolesteroli ni sehemu ya mwili. Ini huitengeneza kila siku. Kuta za chembe zote za mwili huihitaji. Na mwili huitumia kutengeneza homoni za balehe na vitamini D. Kijana asiye na kolesteroli kabisa hangeweza kuishi, sembuse kubalehe. Neno lehemu humfanya aione kuwa uchafu tu wa kuondolewa.

Pili, lehemu huyeyuka kwa moto. Kutokana na sura hiyo msikilizaji hupata tiba yake mwenyewe: maji ya moto, ndimu, siki, na dawa za minadani zinazotangazwa kwamba huyeyusha lehemu. Kolesteroli iliyojiunga katika ukuta wa ateri haiyeyushwi na maji ya moto. Ila tiba ya uongo ina mantiki kamili ndani ya neno tulilolitoa sisi wenyewe, na muuzaji wa minadani hakufanya zaidi ya kuifuata mantiki hiyo.

Tatu, lehemu katika maisha ya kila siku ni kitu chema. Hapa mwandishi hana budi kueleza kosa lake. Alipata kufasiri kipeperushi kimoja kilichosomwa kwa sauti katika kliniki moja ya wilaya hizi, na ndani yake aliandika kwamba baadhi ya dawa huongeza lehemu katika mishipa. Bibi mmoja aliyemsindikiza mjukuu wake alimwuliza muuguzi: “Mwanangu, lehemu si ndiyo ya kuzibia panapovuja? Basi dawa ikiitia, si heri?” Muuguzi akamjibu: “Hapana, bibi, hiyo ni mbaya, huziba mishipa.” Bibi akanyamaza kidogo, kisha akauliza tena: “Sasa mbona mnampa mtoto kitu kibaya kila siku?” Katika maswali mawili bibi huyu aliupima ufasiri wote akaukuta na kasoro. Swali la pili ndilo la hatari, kwani jibu lake rahisi ni kuviacha vidonge.

Tena lipo tatizo la matamshi. Wako wasemaji wengi wa Kiswahili ambao lugha zao za nyumbani hazitenganishi l na r kama Kiswahili kinavyozitenganisha, na hata katika maandishi neno hilo limeonekana mara nyingine likiandikwa rehemu. Kurehemu ni kuwa na huruma. Istilahi ya ugonjwa isiyotengana vema na neno la dua haiwezi kusemwa kwamba ni angavu.

Neno kolesteroli, kwa upande wake, ni refu na halimwambii kitu mkulima anayelisikia kwa mara ya kwanza. Hata hivyo udhaifu huo ni wa mwanzo tu. Neno geni ni kama chungu kitupu: mwalimu aweza kukijaza maana iliyo sahihi. Neno lililokwisha kujaa maana nyingine lataka kumwagwa kwanza, na kumwaga ni kazi kubwa kuliko kujaza. Aidha, si kwamba Wazungu walipewa neno lililo wazi. Mwanakemia Mfaransa Michel Chevreul, mwanzoni mwa karne ya 19, alilijenga jina hilo kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya nyongo na ugumu, kwa sababu kitu chenyewe kilionekana kwanza katika vijiwe vya nyongo. Msomaji wa kawaida wa Paris hakuelewa zaidi ya msomaji wa Newala. Alifundishwa. Nasi tufundishe, kwa maelezo mafupi yanayofuatana na neno: kolesteroli ni aina ya shahamu, laini kama nta, inayotengenezwa na ini na kusafirishwa katika damu.

Mafuta

Wafasiri wengine, kwa kuikwepa lehemu, huandika mafuta katika damu. Nia yao ni njema. Lakini mafuta katika Kiswahili ni bahari: ya kupikia, ya taa, ya kujipaka, ya gari, na ya nyama. Kijana anayeambiwa apunguze mafuta hajui apunguze yapi.

Katika nchi ya korosho na ufuta jambo hili si dogo. Kolesteroli haipatikani kwa kiasi cha kutajika katika chakula chochote cha mimea: haimo katika korosho, ufuta, karanga wala kunde. Imo katika kiini cha yai, maini, nyama, maziwa na vinginevyo vya wanyama. Hata hivyo yapo mafuta ya mimea ambayo, ingawa hayana kolesteroli, huliamsha ini liongeze kolesteroli katika damu. Mfano ni mafuta ya nazi, na kwa kiasi fulani mawese. Ndiyo maana maneno yanayobandikwa juu ya chupa za mafuta ya mimea, kwamba hayana lehemu, ni ya kweli na hayana faida.

Kwa mafuta hayo yanayoliamsha ini wanakemia wametupa tafsiri sisisi, mafuta yaliyoshiba. Kushiba kwa Mswahili ni sifa ya mlaji, si ya chakula. Msikilizaji hudhani ni mafuta yanayoshibisha. Yafaa zaidi kusema mafuta yanayoganda. Mtu wa Newala ameona mafuta ya nazi yakiganda chupani katika baridi ya Juni na Julai, ilhali ya ufuta hubaki maji. Kipimo hiki hakina ukamilifu wa kikemia, lakini kwa mwongozo wa jikoni kinatosha, na kinamwachia kijana korosho zake, ambazo sehemu kubwa ya mafuta yake ni ya aina isiyoganda.

Nzuri na mbaya

Vipeperushi husema kwamba kuna kolesteroli nzuri na kolesteroli mbaya. Usemi huu umetoka katika lugha za Ulaya na umeingia kwetu bila kuulizwa. Kwa hakika kolesteroli ni moja. Yanayotofautiana ni magari yake. Kwa kuwa haichanganyiki na maji, hubebwa ndani ya damu na vichukuzi vilivyofanywa kwa protini na shahamu. Kichukuzi kimoja huitoa ini na kuipeleka katika sehemu za mwili; kikizidi, mzigo hubaki katika kuta za ateri. Kingine huikusanya na kuirudisha ini. Basi na tuseme kichukuzi cha kupeleka na kichukuzi cha kurejesha. Majina haya hueleza kazi, na kazi ndiyo inayomsaidia mwalimu kufundisha. Uzuri na ubaya huleta hukumu, na kijana aliyezaliwa na VVU amekwisha kuhukumiwa vya kutosha.

Mshipa

Hakuna neno katika orodha yetu lenye mzigo mzito kama mshipa. Kwa Mswahili mshipa ni njia ya damu. Pia ni neva, ambayo zamani iliitwa mshipa wa fahamu. Pia ni ukano unaovutika shingoni. Na zaidi ya hayo mshipa ni ugonjwa, yaani ngiri, na kwa wengine hata busha. Katika pwani ya kusini, ambako matende na mabusha yamekuwa maradhi ya kujulikana kwa muda mrefu, mwanamume akiambiwa kwamba ana mshipa hafikirii damu.

Sasa tumchukue kijana wa miaka kumi na tisa anayeambiwa kwamba mishipa yake yaweza kuziba. Atasikia habari za utu uzima wake wa kiume, kwa maana huko ndiko neno hilo linakoelekea katika mazungumzo ya vijiweni. Hatauliza, kwa haya. Ataondoka na hofu ambayo muuguzi hakuitia wala hakuijua.

Bahati njema, maneno ya kutenganisha tunayo. Ateri na vena yametoholewa zamani na yamo katika vitabu vya elimu ya viumbe vya shule zetu, kadhalika neva. Kinachokosekana ni ushupavu wa kuyatoa darasani na kuyaingiza kliniki. Na uwanda wa Makonde una mfano wake wa kuyafundishia. Tangu miaka ya 1950 maji ya uwanda huo, ambao hauna mito juu yake, yamekuwa yakisukumwa kwa mitambo kutoka mabondeni kupitia mabomba. Mkazi wa Makote hahitaji kuelezwa maana ya pampu, wala tofauti ya bomba linalotoka kwenye pampu na kijito kinachorudi bondeni, wala yanayotokea kijijini bomba kuu likizibwa. Moyo ni pampu, ateri ni bomba litokalo kwenye pampu. Hapa mfano umetoka ndani ya maisha ya watu, nao hauhitaji lehemu.

Kuhusu kile kinachojikusanya katika ukuta wa ateri, tunapendekeza neno ukoga. Neno hili ni letu: ni ule utando mgumu unaoshika meno yasiyosuguliwa. Hujijenga polepole, hauumi mwanzoni, na huanza ujanani, sifa tatu ambazo ni za ukoga wa ateri pia, kwani dalili zake za awali zimeonekana hata katika miili ya watoto. Kiingereza nacho hutumia neno moja kwa kitu cha meno na kitu cha ateri, ila si kwa sababu hiyo tunalipendekeza. Tunalipendekeza kwa kuwa humfanya msikilizaji awaze juu ya utunzaji wa kila siku badala ya kuyeyusha mara moja.

Moyo, shinikizo na uvimbe

Moyo wa Kiswahili hukaa mahali pawili. Pamoja na kiungo chenyewe, tuna chembe cha moyo, ambacho ni pale juu ya tumbo chini ya kidari. Mgonjwa asemaye kwamba moyo unamwuma huenda anaumwa tumbo, na mfasiri wa dodoso asipolijua hili ataandika maradhi ya moyo mahali pa kiungulia. Tulijiuliza kama mtima, neno la kale la Kiswahili ambalo Kiyao husema vivyo hivyo na Kimakonde husema ntima, lingeweza kuwekwa kwa kiungo peke yake. Tumeona halifai, maana katika lugha hizo pia mtima hubeba huzuni na mapenzi. Dawa ni kumtaka mgonjwa aoneshe kwa mkono.

Mshtuko wa moyo nao una kasoro. Mshtuko hutokana na habari ya ghafula, na watu wengi huamini kwamba ugonjwa huo huletwa na taarifa ya msiba. Kitokeacho ni kuzibwa kwa ateri inayoulisha moyo wenyewe. Neno limekwisha kuenea mno, hata kulifuta si rahisi. Lakini katika maandishi ya kufundishia liambatane na mzibo wa ateri ya moyo.

Shinikizo la damu ni istilahi nzuri iliyoharibiwa na matumizi. Kila mtu aliye hai ana shinikizo la damu. Mwenye maradhi ana shinikizo la juu. Tunaposema kwamba fulani ana shinikizo la damu tumesema kwamba yu hai. Wananchi, kwa presha ya kupanda na presha ya kushuka, wametuzidi kwa usahihi.

Uvimbe ni hatari zaidi. Neno hili hutumika kwa jipu, kwa saratani, na sasa kwa ile hali ya mwili kupigana na virusi tuliyoitaja juu. Kijana anayeambiwa kwamba VVU husababisha uvimbe ndani ya ateri huondoka akidhani ana saratani. Lugha za Ulaya na Kiarabu zimeita hali hiyo kwa maneno ya moto. Nasi tuna kitenzi kuwaka, na jina mwako lipo tayari: mwako wa ateri. Husikika kuwa ni jambo linaloweza kupozwa, na ndivyo lilivyo, kwani dawa za kufubaza hupunguza mwako huo.

Kijana ni nani?

Msomaji aweza kushangaa kwamba tunalipima na neno hili. Lakini Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 ilimtaja kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Sheria ya UKIMWI ilirekebishwa mwaka 2019 ili mwenye miaka 15 aweze kuridhia mwenyewe kupimwa VVU. Na Shirika la Afya Duniani huhesabu balehe kuwa miaka 10 hadi 19. Mila nazo zina hesabu yake. Huku kusini jando na unyago ndivyo vilivyomtoa mtu utotoni, hata Askofu Vincent Lucas wa Masasi akaona heri kuliingiza jando katika ibada ya Kikristo kuliko kulipiga marufuku. Aliyetoka jandoni akiwa na miaka kumi hapendi kuitwa mtoto.

Mkanganyiko huu una gharama katika maabara. Kwa mtu mzima, jumla ya kolesteroli iliyo chini ya miligramu 200 katika desilita moja ya damu huhesabiwa kuwa ya kuridhisha. Kwa watoto na wabalehe mpaka ni 170, na 200 kwao imekwisha kuwa juu. Karatasi iliyoandikwa vijana tu haimwambii msomaji atumie kipimo kipi. Tena maabara nyingine hutoa majibu kwa milimoli katika lita, ambapo 200 hiyo huwa 5.2. Mfasiri anayeacha kizio ameacha nusu ya habari.

Hali kadhalika utafiti wa mwaka 2023 ulioonyesha kwamba dawa ya pitavastatini hupunguza maradhi makubwa ya moyo kwa watu wenye VVU kwa theluthi moja hivi ulifanywa kwa watu wa miaka 40 hadi 75. Kuutafsiri pasipo kutaja umri ni kumfanya kijana wa miaka ishirini aidai dawa ambayo haikupimwa kwa rika lake, huku akisahau tumbaku, mazoezi, chakula na vidonge vyake vya kila siku.

Istilahi iliyofaulu

Haifai kuhakiki bila kusifu. Kati ya majina yote yaliyopewa dawa za VVU, kufubaza ndilo bora. Kurefusha maisha ni ahadi, na ahadi ikivunjika dawa hulaumiwa. Kupunguza makali ni picha ya kisu, si mbaya, ila haisemi makali ya nani. Kufubaza ni kukifanya kitu kipoteze ung'avu na nguvu zake pasipo kukiondoa: rangi iliyofubaa ipo bado. Neno hili husema kweli mbili kwa pamoja, kwamba virusi vipo na kwamba vimedhoofika. Na hubeba ndani yake sababu ya kutokatiza. Lilikuwamo katika Kiswahili, likasubiri kazi.

Mapendekezo

Kwa muhtasari tunapendekeza yafuatayo yafikiriwe na kamati ya istilahi:

(a) Kolesteroli iwe istilahi sanifu, na lehemu waachiwe mafundi. Pale inapotajwa kwa mara ya kwanza, ielezwe kuwa shahamu laini kama nta inayotengenezwa na ini.

(b) Kichukuzi cha kupeleka na kichukuzi cha kurejesha zichukue mahali pa kolesteroli mbaya na nzuri.

(c) Ateri, vena na neva zitumike katika vipeperushi vyote, na mshipa uepukwe.

(d) Ukoga wa ateri utumike kwa mkusanyiko ulio katika ukuta wa ateri, na mwako kwa hali ambayo sasa huitwa uvimbe.

(e) Mafuta yanayoganda yatumike katika mafundisho ya chakula badala ya mafuta yaliyoshiba.

(f) Umri utajwe kwa miaka na kizio kwa jina, kila mara bila kukosa.

(g) Sentensi yoyote inayosema kwamba dawa huongeza kolesteroli isifungwe kabla ya kusema kwamba kuiacha dawa huongeza hatari kwa moyo.

Hitimisho

Pendekezo la mwisho linahusu utaratibu zaidi kuliko maneno. Orodha za istilahi kwa kawaida hupimwa na wataalamu wa lugha wakiwa pamoja na wataalamu wa fani. Katika mambo ya afya hapana budi aongezwe mtu wa tatu, naye ni msikilizaji. Kabla ya istilahi kupitishwa, isomwe ndani ya sentensi mbele ya watu wachache wa rika mbalimbali, kisha waombwe waeleze kwa maneno yao, na kwa lugha ya nyumbani wakipenda, walichosikia. Kazi hii yaweza kufanywa asubuhi moja katika kituo chochote cha tiba cha Masasi au Newala, bila gharama kubwa. Laiti ingalifanywa kabla ya kile kipeperushi kuchapwa, maswali mawili ya bibi yangaliulizwa mezani kwa mfasiri wala si mbele ya mjukuu wake.

Walimu, wauguzi na wafasiri wenye maneno bora kuliko haya, hasa yale yaliyomo katika Kimakonde, Kimakua na Kiyao, wanaombwa wayatoe, ili yapimwe kama haya yalivyopimwa.